Risala ya Wanaume wa Mpakani Kuhusu Afya ya Akili

Kwa Gavana wa Kaunti ya Busia, Kenya. Kwa Wenyeviti wa Wilaya za Busia na Tororo, Uganda. Na kwa wabunge wetu wa pande zote mbili.

Waheshimiwa,

Sisi ni waendesha bodaboda, madereva wa malori, wachukuzi wa mizigo, wavuvi wa Sio Port na Majanji, pamoja na ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Tumekuja na jambo ambalo wanaume wa huku hawajazoea kulisema hadharani. Wenzetu wanaumia kwa ndani, na wengine tumewazika kabla hawajamwambia mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta.

Tunaambiwa kila mara kwamba wanaume ni wakaidi, hawataki hospitali. Neno hilo lina ukweli wake, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tazameni huo mlango mnaotutaka tuuingie.

Kwa miaka mingi mlangoni alisimama askari. Chini ya Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, aliyejaribu kujiua aliweza kupewa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote pamoja. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Uganda ilitunga Sheria mpya ya Afya ya Akili mwaka 2018, lakini kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kwa hiyo mtu yuleyule, akinusurika upande mmoja wa mpaka ni mgonjwa, akinusurika upande wa pili ni mtuhumiwa. Na Busia ni mji mmoja: soko moja, na mara nyingi ukoo mmoja. Familia inayoijua hatari hiyo humficha mtu wao chumbani na kuwaambia majirani kwamba ana malaria. Tunawataka wabunge wa Uganda walifute kosa hilo. Na polisi wa Kenya wa mpakani waelezwe hukumu hiyo waziwazi, kituo kwa kituo, maana hukumu ya Nairobi haimsaidii mtu ambaye askari wa zamu hajaisikia.

La pili ni saa na mahali. Pikipiki nyingi ni za mkopo. Malipo ni ya kila siku au kila wiki, na ukikosa, chombo kinachukuliwa. Anayeingia kwenye foleni ya hospitali asubuhi na kutoka alasiri amepoteza hesabu ya siku. Mwenzetu mmoja wa stejini alikuwa halali usiku, halishi watoto wake vizuri, amenyamaza kabisa. Tulimsihi mpaka akakubali kwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Dirishani aliambiwa aseme shida yake, watu wamejaa nyuma yake. Akasema kichwa kinamuuma. Akapewa vidonge vya maumivu, akarudi kazini, na hakukubali tena kwenda.

Hatuombi majengo. Tunaomba mshauri anayepatikana jioni na Jumapili, karibu na steji, kwenye maegesho ya malori ya Malaba, kwenye mialo ya wavuvi, katika chumba kisicho na bango la wazimu mlangoni. Awe anajua Kiteso, Kisamia au Kijopadhola, kwa sababu mtu hulia kwa lugha ya nyumbani kwao. Na dawa ziwepo. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa mwezi huu na kuambiwa mwezi ujao kwamba zimekwisha huwa amefundishwa asirudi.

Jambo hili linawezekana, na Tororo yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2003, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kufika, mradi wa tiba ya nyumbani uliwafikia wagonjwa wa vijiji vya Tororo na Busia kwa pikipiki. Wahudumu wa kawaida, si madaktari, walipeleka dawa kila wiki mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Ugonjwa uliokuwa wa aibu kuliko yote ulifuatwa hadi kijijini, na watu wakapata nafuu ya aibu pamoja na ya mwili. Zaidi ya hayo, utafiti uliotolewa mwaka huohuo wa 2003 kutoka Masaka na Rakai ulionyesha kwamba watu wenye sonona walipata nafuu kubwa kwa kukaa katika vikundi vya mazungumzo kijijini, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Baadhi ya vijiji vilivyoshiriki vilikuwa na vikundi vya wanaume. Wanaume wa Uganda, wakulima kama baba zetu, walikaa, wakasema. Tunadai vikundi vya namna hiyo vianzishwe huku, na waongozaji wafundishwe kutoka miongoni mwa wenyeviti wa steji, vinyozi na wazee wa mialo.

Kuhusu mpaka wenyewe. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wetu wawili mwaka 2018, na tangu hapo lori la mahindi hukaguliwa mara moja likapita. Mtu hana bahati hiyo. Dereva aliyeanzishiwa matibabu Mombasa akiishiwa dawa Tororo anaanza upya, kwa maelezo ya mdomo, mbele ya mtu asiyemjua. Tunadai kadi moja ya mgonjwa inayotambuliwa na hospitali za pande zote mbili. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia ushirikiano wa afya. Anzeni nayo hapa. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalisimama foleni ndefu Malaba na Busia. Madereva walilala barabarani wakisubiri majibu ya vipimo, wakitazamwa kama waleta maradhi. Walipimwa pua na koo. Hatumkumbuki aliyewauliza wanaendeleaje moyoni.

Sasa la kwetu. Fika jioni penye chungu cha malwa, pombe yetu ya kienyeji, utawakuta wanaume wameketi duara na mirija yao, wakizungumza bei ya mahindi, siasa na ndoa za watu wengine. Yanayofichwa ni ya mwenyewe. Tumejitibu kwa chang'aa upande wa Kenya na waragi upande wa Uganda. Usingizi unakuja, na asubuhi deni limeongezeka. Tumewaita wenzetu mulalu, yaani wendawazimu, wakanyamaza milele. Tumewafundisha wavulana wetu kujikaza hata pale ambapo kujikaza kunaua. Hilo ni letu, hatuwasukumii ninyi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Mfuko wa steji, ambao hadi sasa hutoa mchango wa ajali na msiba, utamlipia mwanachama nauli na hesabu ya siku anapokwenda kumwona mshauri. Atakayemcheka mwenzake kwa kwenda atatozwa faini ileile anayotozwa anayempora mwenzake abiria. Mwenyekiti wa steji atamtembelea nyumbani mwanachama asiyeonekana kazini bila taarifa, na atakwenda kumsikiliza, si kumdai.

Tunaomba mje mtujibu ana kwa ana, viongozi wa Kenya na wa Uganda katika kikao kimoja. Kikao kifanyike jioni, baada ya kazi, na mje na maafisa wenu wa afya pamoja na wakuu wa polisi.

Tunawasilisha kwa heshima.