Mashini Haipangi Orodha, Mtu Ndiye Anayeipanga

KAVUMU, KABARE – Jioni umeme ukipatikana, vijana wanaotengeneza simu na kompyuta karibu na soko la Kavumu huwa na mchezo wao. Hawabishani juu ya mpira peke yake. Ndani ya makundi yao ya WhatsApp wanarushiana hesabu: mmoja anaandika swali, wa pili anajibu, wa tatu anakataa, wa nne anacheka. Swali linalopendwa sana ni lile lililozunguka dunia nzima mwaka 2019: 8 ÷ 2(2 + 2). Wengine wanapata 16, wengine wanapata 1, na kila upande unatoa simu yake kuwa shahidi.

Wakichoka na hilo wanaingia kwenye mambo ya serva, yaani zile kompyuta zinazotumikia kompyuta nyingine na kuzitunzia kazi. Wanaulizana: ukiwa na serva 12, ukazipa majina kuanzia serva1 mpaka serva12, kompyuta itazipanga namna gani? Mgeni anajibu haraka: moja, mbili, tatu. Wazoefu wanamcheka. Kompyuta ikisoma majina hayo kama maneno, itaanza na serva1, kisha serva10, serva11, serva12, ndipo ije serva2. Inafanya sawa na kamusi: inatazama alama ya kwanza, kisha ya pili, na haijui kwamba 10 ni kubwa kuliko 2.

Ni mzaha mzuri. Lakini mzaha huo huo, ukiingia ndani ya orodha ya chakula, unamlaza mtoto na njaa. Hapo ndipo kicheko kinapaswa kukatika.

Tangu vita vilipofika kiwanja cha ndege cha Kavumu tarehe 14 Februari 2025, na mji wa Bukavu siku mbili baadaye, familia nyingi za upande huu zimehama, zimerudi, zimehama tena. Wako wanaolala kwa ndugu, wako wanaolala kwa watu wasiowajua kabisa. Kwa familia hizo orodha ni kitu kikubwa. Orodha ndiyo inayosema nani atapata unga na maharagwe, nani atapata maturubai, nani ataambiwa arudi wiki ijayo. Na siku hizi orodha nyingi zinaandikwa kwa kompyuta au kwa simu.

Mama anapouliza kwa nini jina lake limerushwa nyuma, jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Ni mashini njo imepanga, mama, hapana miye."

Jibu hilo si la kweli, na wanaolitoa wanapaswa kuacha kulitoa.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuuhesabu nyumbani kwa kalamu. Familia 120 zimepewa jetoni, namba 1 mpaka 120, kufuatana na jinsi zilivyofika. Aliyeandika orodha ameingiza namba hizo kama maneno, kisha akaiambia kompyuta ipange. Kompyuta itaanza na 1, kisha 10, kisha 100, 101, 102, na kuendelea. Namba zote zinazoanza na 1 zitapita kwanza, nazo ni 32. Mama mwenye jetoni namba 2, aliyefika kabla ya jua kutoka, sasa ni wa 33. Mwenye jetoni 100 amekuwa wa 3. Mwenye jetoni 9 amekuwa wa 110.

Sasa tuseme mifuko iliyokuja inatosha familia 100 tu, jambo ambalo watu wa hapa hawahitaji kufundishwa. Kwa haki ya foleni, wangekosa wenye namba 101 mpaka 120. Kwa orodha hii wanakosa wenye namba 81 mpaka 99, pamoja na yule mama wa namba 9. Mwenye jetoni 120, aliyefika wa mwisho kabisa, anabeba mfuko wake. Mama wa namba 9 anaona hayo kwa macho yake. Atafikiri nini? Atafikiri kwamba mtu amekula rushwa, kwamba kabila fulani limependelewa, kwamba mkuu wa kijiji ameuza nafasi yake. Katika eneo lenye silaha nyingi na uvumi mwingi, wazo kama hilo halibaki ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Linatembea.

Na pengine hakuna aliyeiba kitu. Labda ni kijana mmoja aliyechoka, aliyebonyeza mahali pasipofaa, na mkubwa wake ambaye hakutazama karatasi kabla ya kuisoma mbele ya watu.

Dawa yake watu wa serva wanaijua zamani. Wanaandika serva01, serva02, mpaka serva12. Kwa orodha ya familia 120 unaandika 001, 002, 003. Sifuri mbili mbele, na kila mtu anarudi mahali pake. Ama unaiambia kompyuta kwamba safu hiyo ni ya namba, si ya maneno. Ni kazi ya dakika moja.

Lakini jambo hili ni pana kuliko sifuri. Turudi kwenye ile hesabu ya 2019. Kwa nini kikokotoo kimoja kinatoa 16 na kingine 1? Hakuna kilichoharibika. Aliyetengeneza cha kwanza aliamua kwamba kugawanya na kuzidisha vinakwenda pamoja, kutoka kushoto kwenda kulia: 8 kugawanya kwa 2 ni 4, mara 4 ni 16. Aliyetengeneza cha pili aliamua kwamba namba iliyobandikwa kwenye mabano inashikana nayo kwanza: 2 mara 4 ni 8, na 8 kugawanya kwa 8 ni 1. Watu wawili walichagua kanuni mbili, na kila mashini inatii aliyeiagiza. Wanahesabu wenyewe wanasema kosa ni la aliyeandika swali bila kuweka mabano ya kutosha.

Hata mahali pa kuanzia kuhesabu pamechaguliwa na watu. Mwaka 1982 mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kutetea kwamba hesabu ianze na 0, na lugha nyingi za kompyuta zinafanya hivyo. Mwenye kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa pale Bukavu anaelewa: rez-de-chaussée haihesabiwi, la kwanza ni lile la juu yake. Vijana wanataniana kwamba fundi wa kompyuta akiahidi soda kwa watu watatu, huhesabu 0, 1, 2, 3 na kununua nne. Wakaaji wa kawaida hawana haja ya kuchagua upande. Wana haja ya kuambiwa upande gani umechaguliwa.

Kwa hiyo mwenye orodha akisema "mashini imepanga", aulizwe: uliiambia ipange kwa kufuata nini? Kwa namba? Kwa jina? Kwa kijiji? Kwa tarehe ya kuandikishwa? Nani alichagua hivyo, na lini?

Wengi watajibu: kwa alfabeti, kwa sababu alfabeti haina ndugu. Hiyo nayo ichunguzwe. Kwa alfabeti Aksanti yuko mbele kila siku na Zawadi yuko mwisho kila siku. Mara moja si neno. Mara kumi, chakula kikiwa kinapunguka kila mara, ni adhabu ya kuzaliwa na jina. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa alama zaidi ya milioni 30 zilizotolewa kwa programu ya shule iitwayo Canvas. Programu hiyo, isipoguswa, huwapanga wanafunzi kwa alfabeti. Waliona kwamba wenye majina ya mwisho walikuwa wakipata alama za chini kidogo. Walimu wachache waliosahihisha kuanzia Z kurudi A, kwao mambo yaligeuka. Tofauti haikufika pointi 1 juu ya 100, lakini ilikuwepo, na maelezo waliyoyatoa watafiti ni kwamba msahihishaji anachoka anapofika mwisho. Ikiwa mwalimu aliyekaa kitini anachoka, mgawaji aliyesimama juani tangu asubuhi atakuwaje?

Tena majina ya huku yana mambo yake. Mkongomani ana jina, postnom na prénom, na kila mwandishi wa orodha anayapanga anavyotaka. Leo mama ameandikwa kwa jina la baba, kesho kwa prénom, na kompyuta inaona watu wawili. Akina mama wa Bushi wengi wana majina yanayoanza na M na alama ya mkato juu yake. Mmoja anaiandika, mwingine anaiacha, wa tatu anaweka nafasi tupu. Kwa mtu anayejua Mashi, huyo ni mama mmoja. Kwa kompyuta ni wanawake watatu tofauti, wala hawakai ukurasa mmoja. Siku ya ugawaji mmoja anaitwa na hayupo, na aliyepo haitwi.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Orodha ya karatasi, ile ya zamani, haikuwa malaika. Wakaaji wanakumbuka majina ya marehemu yaliyopokea mafuta, na majina ya wajomba wa wakubwa yaliyokaa ukurasa wa kwanza. Kompyuta inaweza kukamata jina lililoandikwa mara mbili, na alama za vidole, ambazo HCR inazitumia katika nchi nyingi, zinazuia mtu kupokea kwa jina la mwingine. Watu wa mashirika nao wanafanya kazi katika hatari, barabara zikifungwa, simu zikikosa mtandao. Hakuna anayeomba warudi kwenye daftari. Kinachoombwa ni wasiifanye kompyuta kuwa mahali pa kujificha. Nchi hii ilishapiga kura kwa mashini mwaka 2018, na watu hawajasahau namna mabishano yanavyokua pale ambapo mashini inatangulizwa na maelezo yanakuja nyuma.

Na vijana wa vibanda vya simu? Wao pia wana deni. Wanajua kwa nini 10 inakaa mbele ya 2. Wanajua kurekebisha. Lakini orodha inapobandikwa ukutani, wanapita wakiipiga picha ili waicheke jioni. Kuna anayesema hizi ni hesabu za watu walioshiba, wahamiaji wana shida nyingine. Huyo asome historia ya Kivu. Mwaka 1950, pale Ishango, mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20.000. Fungu kwa fungu, mstari mmoja una 11, 13, 17 na 19: jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9: jumla 60 tena. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake, na mfupa wenyewe uko Brussels. Lakini jambo moja liko wazi: watu wa ukanda huu waliweka alama kwa mpangilio zamani sana, wakiishi kwa samaki na mawindo. Kupanga hesabu hakujawahi kuwa starehe ya mwenye kushiba. Mwenye kidogo ndiye anayehesabu zaidi.

Basi yafuatayo yanaweza kufanyika Kavumu, Miti, Mudaka na Katana bila kungoja mradi kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila orodha ibandikwe ikiwa na mstari mmoja juu, kwa Kiswahili na kwa Mashi: "Orodha hii imepangwa kwa kufuata hiki." Mtu akijua kanuni anaweza kuona kosa.

Pili, namba za jetoni ziandikwe kwa urefu sawa: 001, 002, mpaka mwisho.

Tatu, orodha ikiwa ya alfabeti, herufi ya kuanzia ichaguliwe kwa kura mbele ya watu kila ugawaji. Leo waanze na M, kesho na Z. Serva nazo hupewa kazi kwa zamu ya kuzunguka ili moja isielemewe. Familia zizungushwe ili moja isisahauliwe.

Nne, wazee, wajawazito na wenye ulemavu watolewe ndani ya orodha kabla ya kuipanga, wapewe mstari wao. Hilo kompyuta haiwezi kuliona isipoambiwa.

Tano, vijana wawili au watatu wenye ujuzi, waliochaguliwa na shirika la raia pamoja na kamati ya wahamiaji, waisome orodha siku moja kabla ya kugawa. Hawana haja ya kuichukua wala kuipiga picha, kwa sababu majina ya watu waliokimbia vita si kitu cha kutembeza kwenye simu. Wakae nayo tu, waulize maswali yale yale wanayoulizana jioni kwa kucheka.

Mwenye kushika orodha ambaye hana cha kuficha hatakataa lolote kati ya hayo. Kuandika 002 badala ya 2 hakulipishwi franga hata moja. Na mama wa jetoni namba 9 akiuliza tena kwa nini amefika mapema na bado hajaitwa, ajibiwe na mtu, kwa jina la mtu, na kwa kosa lililosahihishwa mbele yake.