Taa ya Breki Isiyotaka Kuzimika

Mwezi huu naandika habari ya motokaa, kwa maana mwalimu mmoja ameleta swali ambalo yamkini wengine wanalo. Amebadili mwenyewe pedi za breki za magurudumu ya mbele, uani kwake, akafunga kila kitu, akawasha gari. Na taa nyekundu ya breki ikawaka, wala haikuzimika. Jirani amemshauri aiondoe balbu yake, mambo yaishe. Ndiyo sababu nimeona nisikawie kumjibu, kwani gari hilo ndilo liwapelekalo watoto shuleni kila asubuhi.

Kwanza na atazame breki ya mkono. Mtu aliyetia gari jeki huivuta kwa nguvu, kisha huishusha nusu tu. Na chini yake pana swichi iwashayo taa ile ile. Ikiwa imeshuka kabisa na taa ingali ikiwaka, na afungue boneti.

Hapo pana chupa ya mafuta ya breki, yenye alama ya chini na alama ya juu. Ndani yake mna kiboya. Mafuta yakipungua, kiboya hushuka na taa huwaka. Msomaji na afahamu vema jambo hili, kwa maana hapa wengi hupotea. Pedi zikilika, pistoni hutokeza nje zaidi, na mafuta huzifuata. Hivyo chupani hupungua pasipo kumwagika hata tone. Ukitia pedi mpya, huna budi kuzirudisha pistoni ndani, na mafuta hupanda tena yenyewe. Basi, kama baada ya pedi mpya mafuta yako chini, yametoka mahali: ama yalimwagwa wakati wa kutoa upepo, ama yanavuja sasa. Asiongeze tu na kwenda zake. Na apapase kila mpira wa breki, na kila kiungo alichokigusa, na upande wa ndani wa kila gurudumu. Pakiwa na unyevu, gari lisiondoke. Pakiwa pakavu, aongeze mafuta ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko, aghalabu DOT 3 au DOT 4, kutoka mkebe mpya, maana mafuta hayo hunyonya maji ya hewani. Mafuta ya injini asiyatie kamwe. Huvimbisha mipira yote ya breki. DOT 5 nayo ni ya namna nyingine, haichanganywi na hizo. Kama mafuta yamefika sawasawa na taa bado yawaka, apigepige chupa kwa kidole. Pengine kiboya kimekwama.

Uko ushahidi mkubwa kuliko taa, nao ni mguu. Pistoni zikiisha kurudishwa, kanyagio hushuka mpaka chini mara ya kwanza. Hapana budi kulikanyaga mara nyingi gari likiwa limesimama, hata liwe gumu. Likibaki laini kama sifongo, mna hewa katika mabomba, nayo itolewe kabla ya safari yoyote. Wako wasemao kwamba litajikaza lenyewe njiani. Halitajikaza.

Magari mengine, kama BMW na Mercedes-Benz, yana waya mwembamba ndani ya pedi. Pedi ikiisha, waya hulika na taa huwaka. Waya huo hubadilishwa pamoja na pedi.

Taa ya manjano ya ABS ni habari nyingine. Ikianza kuwaka baada ya kazi kama hii, aghalabu waya wa kipimo cha mwendo wa gurudumu umevutwa au umechomoka. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida zashika, ila magurudumu yaweza kujifunga penye utelezi. Zikiwaka zote mbili, nyekundu na manjano, gari lisitembezwe, aitwe fundi.

Kwa habari ya shauri la jirani, sitaki kuhubiri hapa, Jumapili ipo. Walakini aondoaye balbu hakuziba bomba linalovuja.

Taa ikizimika na kanyagio likawa gumu, mwalimu na aendeshe polepole mahali tambarare, bila abiria, akikanyaga breki mara kadhaa. Kisha arudi, atazame tena mafuta na viungo vyote. Siku hiyo watoto na waende shuleni kwa miguu.