JIRANI WA HALLOWEEN NA BIBI MWENYE MACHO MEKUNDU

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu unayesoma, leo tuna swali lililotoka mbali, lakini jibu lake linatugusa sisi wa Ibadakuli kuliko unavyodhani.

Dada yetu mmoja, binti wa Shinyanga, anaishi Marekani, jimbo la Ohio, na mumewe na watoto. Anasema mtaa wao una majirani wema. Alipojifungua walimletea chakula. Theluji ikianguka, mzee wa nyumba ya pili humsafishia njia bila kuombwa. Sasa kila tarehe 31 Oktoba mtaa mzima unasherehekea Halloween. Watoto wanavaa mavazi ya kutisha, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na majirani wanamwambia, "Walete na wanao." Mumewe anasema wazime taa walale. Yeye anauliza: hatutakuwa tumewakosea watu waliotutendea wema?

Swali zuri. Hakuuliza halali na haramu peke yake, ameuliza na haki ya jirani. Basi tulijibu kwa pande zote mbili.

KWANZA: IJUE SIKU YENYEWE

Wataalamu wa historia wanaeleza kuwa mizizi ya Halloween iko Ireland na nchi za jirani, kwa watu wa kale waitwao Wakelti. Walikuwa na sikukuu ya Samhain, mavuno yakiisha na baridi ikianza, wakiamini kuwa usiku huo mizimu hurudi kwa walio hai. Baadaye Kanisa likaweka Siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa siku hiyo. Karne ya 19 wahamiaji wa Ireland wakaivusha bahari mpaka Marekani, na huko wakaanza kuchonga taa zao kwa maboga. Leo wengi wanaoisherehekea hawana habari na mizimu. Kwao ni siku ya watoto, pipi na biashara.

Hata hivyo, Muislamu ana sikukuu zake. Anas (r.a) amepokea, kama ilivyo kwa Abu Dawud na Nasai, kwamba Mtume (s.a.w) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahiliya, akawaambia kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo: Idd al-Fitr na Idd al-Adh-ha. Angalia, hakuwakemea kwa kupenda furaha, aliwapa furaha iliyo bora. Na katika hadithi nyingine kwa Abu Dawud, Mtume (s.a.w) amekataza Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kutisha watu si mchezo wetu.

Kwa hiyo dada yangu, usiwavishe watoto mavazi ya mizimu na wachawi, wala usiwapeleke kwenye mzunguko ule. Hapo sina mashaka.

PILI: MLANGO WA JIRANI

Lakini usije ukadhani dini yako imekwishia hapo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah ametaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na ameamrisha wote watendewe wema. Mtume (s.a.w) amesema, kwa Bukhari na Muslim, kuwa Jibril aliendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi. Mtu akisema hayo ni ya jirani Muislamu tu, mwambie asome habari ya Abdullah bin Amr (r.a). Alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, swali lake likawa kama wamempelekea jirani yao Myahudi, na dalili aliyoitoa ni hadithi hiyohiyo ya Jibril.

Sasa, kuzima taa ya barazani usiku ule si tusi. Kule Marekani ni desturi inayofahamika: nyumba isiyo na taa, watoto wanaipita bila kinyongo. Mumeo hajakosea. Mlango mmoja uliofungwa usiku mmoja hauvunji ujirani. Kinachouvunja ni kuufunga na siku nyingine 364, ukala peke yako, ukapita watu njiani bila salamu, kisha useme unalinda imani.

Maoni yangu ni haya. Wiki moja kabla ya siku hiyo, nenda kwa majirani na watoto wako na sahani ya mandazi au sambusa. Waambie kwa upole kwamba siku ile nyinyi hamuiadhimishi kwa sababu ya dini yenu, lakini mnawapenda na mnawashukuru. Watu wema wanaelewa. Na kama mtoto wa jirani atagonga kwa kutojua, usimfokee. Msalimie mwana wa watu, mwambie taratibu kuwa nyumba hii haina Halloween, na kesho aje acheze na wanao.

Kisha Idd ikifika, ufungue mlango wako kweli. Mtoto kupita nyumba kwa nyumba akapewa kitu si haramu kwa asili yake. Ndugu zetu Waswahili walioko Oman wanaijua Qaranqasho: katikati ya Ramadhani watoto wa Muscat wanavaa nguo nzuri za kwao, wanabeba vifuko, wanaimba mitaani na kupewa pipi na karanga. Zanzibar na pwani yote, mtoto siku ya Idd anapita kwa wakubwa kuomba mkono wa Idd. Furaha ya watoto tunayo, tena haina mzimu ndani yake. Waalike watoto wa mtaa mzima, akiwemo mjukuu wa yule mzee wa theluji.

TATU: SASA TUJE HAPA KWETU

Najua wako watakaosoma mpaka hapa, wakiwa Ibadakuli, Buhangija, Kahama au Geita, na kutikisa kichwa: "Hawa Wazungu bwana, wanachezea uchawi!" Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Lile vazi maarufu la Halloween unalijua? Ni kikongwe wa kike, peke yake, sura imekunjamana, anatisha watoto. Zamani Wazungu hawakuwa wanacheza. Salem, huko Massachusetts, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Leo mji huohuo hujaa watalii kila Oktoba, wakipita na kofia ndefu za wachawi na kucheka. Wao wamefika kwenye mchezo baada ya damu. Je, sisi tumefika wapi?

Mkoa wetu umesikika duniani kwa mauaji ya vikongwe. Bibi wa Kisukuma amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka na miaka kwa kuwa kuni hakuna. Miti ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za ukoloni, kwa kufukuza mbung'o na kufungua mashamba, hata Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 ili kuirudisha ardhi. Moshi ukaingia machoni kila siku, macho yakawa mekundu. Kisha mtoto wa jirani akaumwa, au ng'ombe wakafa, au mtu anautaka mji wake na shamba lake. Mpiga ramli akaulizwa. Akataja mwelekeo. Usiku watu wakaja na mapanga.

Mzungu anavaa uchawi usiku mmoja, asubuhi anauvua. Sisi tunamvisha bibi yetu uchawi, hatumvui mpaka tumemzika. Nani ana msiba mkubwa zaidi?

Na wenzetu wenye ualbino nao wameonja. Imani kwamba kiungo cha mwanadamu huleta dhahabu kwenye shimo au samaki kwenye nyavu imeua watu Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni kwa ajili yao. Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Na hapa Shinyanga, shule ya Buhangija ililazimika kuwapokea watoto wenye ualbino waliotolewa kwao ili wasiuawe. Tafakari: mtoto anaondolewa kwa mama yake kwa sababu jirani hana amani.

NNE: DINI INASEMAJE JUU YA HAYO

Utaniambia, "Sheikh, kwani uchawi haupo?" Upo. Suratul Baqara, aya ya 102, imetaja sihri, na aya hiyohiyo imesema hao hawawezi kumdhuru mtu ila kwa idhini ya Allah. Lakini kuamini kuwa sihri ipo ni jambo moja, na kumnyooshea kidole mama wa watu ni jambo lingine kabisa.

Mtume (s.a.w) mwenyewe alifanyiwa sihri na mtu aitwaye Labid bin A'sam, hadithi iko kwa Bukhari. Allah alimjulisha nani kafanya na kitu kimefichwa kisima gani. Hakuna ramli hapo, ni wahyi. Pamoja na hivyo hakukusanya vijana wa kwenda kumkatakata. Alisema Allah amekwisha mponya na hakutaka kuwachochea watu shari, akaamuru kisima kifukiwe. Ikiwa yule aliyejua kwa wahyi alinyamaza, wewe uliyeambiwa na mtu mwenye kibuyu na kioo unapata wapi ujasiri wa kumtaja jirani yako?

Tazama na hadithi ya maangamizi saba, kwa Bukhari na Muslim. La kwanza ni shirki, la pili sihri, la tatu kuua nafsi aliyoiharamisha Allah bila haki. Kuna watu wanaikimbia ya pili kwa hofu, wakatumbukia ya tatu kwa mikono yao. Tena njiani wamepitia kwa mpiga ramli, na Mtume (s.a.w) ametuonya, kwa Muslim, kuwa mwenye kumwendea akamuuliza hakubaliwi sala yake siku 40.

Na wewe usiyeshika panga usijione umesalimika. Kuna mwanamke ambaye Mtume (s.a.w) aliambiwa habari zake, anasali usiku, anafunga, anatoa sadaka, lakini ulimi wake unawaudhi majirani. Akasema huyo ni wa motoni. Ameipokea Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad. Panga la usiku lilianzia kwenye maneno ya mchana, kisimani na gengeni: "Yule bibi, mh, muangalie tu." Aliyetamka "mh" ile ana fungu lake.

TANO: KAZI YETU

Hapa Ibadakuli tarehe 31 Oktoba ni siku kama nyingine. Watu wanaangalia mawingu na kutengeneza majembe. Basi sisi tuitumie siku hiyo, na siku zote, kwa mambo manne.

1. Mjue kikongwe aliye karibu na mlango wako, awe Muislamu, Mkristo au wa dini ya mababu. Bibi Aisha (r.a) alipouliza jirani gani aanze kumpa zawadi, aliambiwa aliye karibu zaidi kwa mlango. Mpelekee maji na mboga, mwamkie "mwangaluka" mbele za watu. Bibi anayetembelewa na majirani mchana kweupe, hata mwenye nia mbaya anaogopa kumwendea usiku.

2. Msaidie na kuni au jiko lisilotoa moshi mwingi. Hiyo nayo ni sadaka, inalinda macho yake na jina lake.

3. Mtoto akiumwa, nenda zahanati na umuombee dua. Soma Al-Falaq na An-Nas. Usinunue jina la adui kwa mpiga ramli.

4. Ukisikia kikongwe au mtu mwenye ualbino anapangiwa shari, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na polisi mapema. Kunyamaza hapo si busara, ni kushiriki.

Na wewe dada yetu wa Ohio, mtoto wako akikuuliza kwa nini wenzake wanavaa uchawi na yeye havai, usimwambie tu "ni haramu" ukanyamaza. Mwambie, "Mwanangu, kwa bibi yako Shinyanga neno mchawi limeua wazee wasio na hatia. Sisi hatulichezei." Hilo atalielewa, na atakua akiwaheshimu wazee na majirani, wa huko na wa huku.

Yaa Allah, tujaalie tuwe majirani wanaoaminika. Wahifadhi wazee wetu, wahifadhi ndugu zetu wenye ualbino, zisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Mtumie na mwenzako, huenda maneno haya yakamwokoa bibi wa mtu.