Turbo ya Katoni Haikupimiwa Buruburu

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika gereji za Buruburu, tangu zile zilizo kando ya barabara ya Mumias South hadi zile za upande wa barabara ya Rabai, hakuna inayopokewa bila maswali kama ile inayosema kwamba mwenye gari anayetaka turbo ana njia mbili tu, moja ya wenye busara na nyingine ya wacheza kamari. Ya wenye busara, husemwa, ni kuagiza seti kamili kutoka ng'ambo, ambayo hufika katika katoni ikiwa na kila paipu, kila bolti na kila gasketi, na ambayo haihitaji lolote ila kufungwa. Ya wacheza kamari ni kumwachia fundi atafute turbo ya eksi-Japani, yaani iliyokwisha kutumika Japani, achomelee mabomba yake na aunde mfumo unaolifaa gari moja tu. Mgawanyo huo unavutia kwa sababu ni mwepesi, lakini umejengwa juu ya kosa: unadhani kwamba usalama wa seti umo katika vyuma vyake, ilhali umo katika vipimo vilivyofanywa kabla ya katoni kufungwa, na vipimo hivyo havikufanywa kwa hewa, mafuta wala injini za Nairobi.

Ili kosa hilo lionekane, yafaa ieleweke turbo inafanya nini. Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe, ambao badala ya kupotelea kwenye ekzosi huzungusha gurudumu dogo liitwalo turbini, na turbini hiyo, kwa kuwa imeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili liitwalo kompresa, huifanya kompresa ivute hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda, wakati mwingine kwa mizunguko inayopita 100,000 kwa dakika. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, ndiyo maana hupitishwa katika intakula, kifaa kinachofanana na rejeta ambacho kazi yake ni kuipoza kabla haijaingia injini. Na ili shinikizo lisipande bila kikomo huwekwa westigeti, yaani mlango mdogo unaofunguka na kuupitisha moshi pembeni ya turbini. Wazo hili ni la zamani, kwani mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905, na ugumu wake haujawahi kuwa katika kuingiza hewa nyingi bali katika kuhakikisha kwamba hewa hiyo inapata petroli ya kutosha na cheche kwa wakati unaofaa. Katika magari ya sasa kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini kwa kufuata majedwali ya namba, na kuyapanga majedwali hayo upya ndiko mafundi wanakoita kutyuni.

Sababu ya kwanza inayoiangusha imani ya seti iliyo tayari ni mwinuko. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hewa ina shinikizo la takriban kilopaskali 101, ilhali Eastlands, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, ina takriban kilopaskali 83 tu. Seti nyingi huelezwa kwa shinikizo la ziada, yaani lile linaloongezwa juu ya shinikizo la mahali gari lilipo. Kwa hiyo seti iliyotangazwa kuwa ya nusu bari, ambayo ni kilopaskali 50, huipa injini kilopaskali 151 ikiwa Mombasa lakini 133 ikiwa Buruburu, na mnunuzi aliyelipia nguvu zilizoandikwa kwenye tangazo hupunjwa kabla hata hajatoka getini. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Fundi huambiwa akaze westigeti ili nguvu zile zirudi, na kompresa, ili ifikishe 151 kutoka 83, hulazimika kuongeza shinikizo la hewa mara 1.8 badala ya mara 1.5 iliyokusudiwa na mtengenezaji. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 inayovuta hewa ya nyuzi 27, tofauti hiyo huipandisha hewa inayotoka kutoka nyuzi 80 hivi hadi zaidi ya nyuzi 105 kabla ya kufika kwenye intakula. Vyuma vyote bado ni vilevile vilivyotoka katika katoni, lakini mfumo umekwisha kuwa mwingine, na aliyeuunda si mhandisi wa ng'ambo tena bali ni yule aliyeshika spana.

Hatari ya upande wa pili haizungumzwi sana, nayo huwapata hata waliotyuni magari yao kwa uangalifu. Gari lililopimwa Nairobi juu ya daino, mashine yenye magurudumu ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama mahali pamoja, haliwezi kamwe kufikia mzigo ambao litaufikia pwani. Likishuka Mombasa wakati wa Pasaka, safari ya takriban kilomita 480, hewa huzidi kuwa nzito kadiri linavyoipita Mtito Andei, na springi ileile ya westigeti iliyotoa kilopaskali 133 Buruburu hukaribia 150 gari linapofika Mariakani, ongezeko la zaidi ya asilimia 10. Sehemu za jedwali zinazohusu mzigo huo hazikuguswa na fundi kwa sababu hakuwa na namna ya kuzifikia, hivyo injini hufuata namba za kubahatisha pale hasa ambapo gari limejaa watu na mizigo na dereva amekanyaga mafuta ili alipite lori. Karatasi ya maelekezo iliyomo katika katoni haisemi neno juu ya barabara hiyo, wala haitarajiwi kusema. Ila basi isiitwe kamili.

Sababu ya pili ni mafuta. Petroli hupimwa kwa oktani, kipimo cha uwezo wake wa kustahimili mbano na joto bila kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia, na mlipuko huo wa mapema ndio unaosikika kama kugonga ndani ya injini na ndio unaovunja kingo za pistoni. Nchini Japani petroli ya daraja la juu, ambayo magari kama Subaru Impreza WRX STI yalitengenezewa, huuzwa ikiwa na oktani karibu 100, ilhali kiwango cha chini cha petroli ya Super nchini Kenya ni 93. Juu ya hayo kuna historia ya kuchanganya mafuta taa na mafuta ya magari, tabia iliyokithiri kiasi cha serikali kutoza mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida ya wachanganyaji ikauke. Ikiwa gari lililotoka kiwandani na turbo yake tayari linakosa Nairobi mafuta lililopangiwa, ni vigumu kuona kwa nini seti iliyotengenezwa na kampuni ya tatu, kwa soko la nchi ya nne, iaminiwe kwamba itajipanga yenyewe.

Sababu ya tatu ni injini inayopokea seti hiyo. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, maana yake ni kwamba gari la kawaida la Buruburu lilikwisha kuzeeka kidogo kabla ya kufika bandarini Mombasa, kisha likaendelea kuzeeka katika foleni za Jogoo Road. Zaidi ya umri kuna uwiano wa mbano, yaani mara ngapi hewa hubanwa na pistoni kabla ya kuwaka: injini ya Subaru EJ20 iliyozaliwa na turbo ilipewa uwiano wa takriban 8 kwa 1 ili ibaki na nafasi ya kupokea hewa ya ziada, ilhali injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana katika Fielder na Vitz zilizojaa mitaani, ina uwiano wa 10.5 kwa 1 na haikuachiwa nafasi hiyo. Hata panapostahili turbo, uharibifu huingilia mahali padogo. Katika Subaru nyingi za turbo za miaka ya 2000, oili inayolainisha turbo hupitia bolti yenye tundu ambayo ndani yake mna kichujio cha waya kidogo kuliko ncha ya kidole, na kichujio hicho kikizibwa na masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo hukosa oili na mhimili wake huharibika. Mwenye gari anayefunga turbo mpya ya bei kubwa bila kuifungua bolti hiyo amenunua turbo ya pili itakayokufa kwa ugonjwa ulioiua ya kwanza.

Watetezi wa seti watajibu kwamba watengenezaji wazuri huacha ziada ya usalama, na kwamba injini zilizoharibiwa na mifumo ya kuungwaungwa ni nyingi mno kwa mtu yeyote kuisifu njia hiyo. Jibu la kwanza ni kweli kwa yule tu asiyegusa westigeti, asiyeshuka pwani na asiyejaza mafuta ya shaka, yaani kwa mteja ambaye ni nadra kuonekana. Jibu la pili ni kweli kabisa, lakini halithibitishi linalodaiwa kuthibitishwa. Manifoldi ya ekzosi iliyochomelewa kwa bomba la chuma cha kawaida, huku moshi unaopita ndani yake ukizidi nyuzi 800, hupasuka, na chembe za uchomeleaji zilizoachwa ndani huchonga mapezi ya turbini. Fundi aliyefanya hivyo hakushindwa kwa sababu aliunda mfumo wa gari moja, bali kwa sababu aliuunda kwa jicho na kwa sifa za mtaa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kinachoziua injini za njia zote mbili ni kimoja, nacho ni kufunga bila kupima.

Ipo njia ya tatu ambayo mgawanyo ule huificha, ingawa mafundi wa Nairobi wameitumia kwa miaka mingi: kununua injini nzima ya turbo ya eksi-Japani pamoja na giaboksi, nyaya na kompyuta yake, na kuihamishia katika gari la ukoo uleule. Hiyo ndiyo seti pekee inayokaribia kustahili jina la kuwa tayari, kwa maana pistoni, mbano, injekta na majedwali yake vilipangwa pamoja na kiwanda kimoja. Hata hivyo nayo hutaka kupimwa upya kwa mafuta ya hapa, breki zake hutaka kulingana na nguvu mpya, na namba ya injini lazima ibadilishwe katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Anayedhani kwamba hoja hizi ni za kutia chumvi na atazame mashindano ya magari ya Safari Rally. Björn Waldegård aliposhinda mwaka 1984 kwa Toyota Celica Twin Cam Turbo, Ian Duncan, Mkenya, aliposhinda mwaka 1994 kwa Celica Turbo 4WD, na Colin McRae aliposhinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza WRC, hakuna kati yao aliyeendesha gari lililoshushwa tu kutoka mashindano ya Ulaya. Timu za viwanda zilitengeneza magari ya Safari peke yake na kuja Kenya mapema kuyajaribu katika vumbi, joto na mwinuko wa nchi hii. Kampuni zilizobuni injini hizo, zenye wahandisi na fedha ambazo gereji ya mtaani haiwezi kuziota, hazikuthubutu kuamini kwamba kilichofaa Ufini kitafaa Naivasha. Ni ajabu basi kwamba mwenye Subaru Forester wa Buruburu Fezi 5 anaambiwa aamini kile ambacho Toyota na Subaru hawakukiamini.

Kinachofuata kutokana na haya si kwamba seti za ng'ambo zisinunuliwe, kwa kuwa vyuma vyake mara nyingi ni bora kuliko vya kuchomelewa, bali kwamba mpangilio wa matumizi ubadilike. Fedha za kwanza ziende kwenye kupima afya ya injini, mbano wa kila silinda na njia za oili. Za pili ziende kwenye kihisi cha ekzosi kinachoonyesha uwiano wa hewa na petroli, ambao kwa mwendo wa kawaida ni 14.7 kwa 1 na chini ya turbo hushushwa hadi kati ya 11 na 12. Za tatu zilipie siku nzima ya daino, pamoja na kikomo cha shinikizo kinachohesabiwa kutoka sifuri halisi, si kutoka hewa ya mahali gari lilipo, ili kibaki kilekile Nairobi na Mombasa. Hapo ndipo ichaguliwe turbo yenyewe, ya katoni au ya kuundwa, kulingana na vipimo vilivyopatikana na fedha zilizobaki. Zikiwa hazikubaki, gari libaki kama lilivyo, kwani hakuna aibu katika injini inayowaka kila asubuhi.

Muuzaji wa seti aulizwe, kabla ya kulipwa shilingi yoyote, ilipimwa kwa petroli ya oktani ngapi, katika mwinuko gani na juu ya injini yenye uwiano gani wa mbano. Akijibu yote matatu, mnunuzi atajua kazi iliyobaki ni kiasi gani. Akishindwa, basi anachouza ni mabomba, na mabomba yauzwe kwa bei ya mabomba.