Karne ya 19 Haikufia Italia

Tarehe 15 Aprili 2017, mjini Verbania, kaskazini mwa Italia, alifariki bibi mmoja aitwaye Emma Morano. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1899, kwa hiyo alikuwa amefikisha miaka 117 na siku 137. Magazeti ya dunia nzima yakatangaza kwamba ameondoka mtu wa mwisho aliyezaliwa katika miaka ya 1800. Wale wanaohesabu karne kwa makini wakasema subirini kwanza: karne ya 19 iliisha tarehe 31 Desemba 1900, na bado yupo bibi mwingine, Nabi Tajima wa kisiwa cha Kikai, Japani, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1900. Naye akafariki tarehe 21 Aprili 2018. Hapo ikasemwa kwamba karne nzima imezikwa.

Mimi nakataa. Sina ugomvi na mabibi hawa wawili, Mungu awapumzishe. Ugomvi wangu ni na maneno hayo mawili, "wa mwisho". Kilichothibitishwa ni kwamba Bi Tajima alikuwa wa mwisho kati ya wenye karatasi. Kati ya wasio na karatasi, wa mwisho anaweza kuwa alizikwa Kitui, au Kilwa, au Kondoa, asubuhi ya siku ya kawaida, na aliyesoma wasifu wa marehemu akasema tu, "Alizaliwa zamani sana, enzi za Mjerumani," kisha akaendelea na idadi ya wajukuu na vitukuu.

Mtu atasema Waafrika wa wakati ule hawakuishi muda mrefu. Basi tumtazame Violet Brown wa Jamaika. Alizaliwa tarehe 10 Machi 1900, na kwa miezi kadhaa mwaka 2017, baada ya kifo cha Morano hadi chake mwenyewe mwezi Septemba, alikuwa ndiye mtu mzee kuliko wote duniani. Alikuwa mwanamke mweusi, wa kijijini, aliyefanya kazi ya shamba la miwa. Alizaliwa raia wa Malkia Victoria. Mwaka huohuo, chini ya malkia huyohuyo, walizaliwa watoto Mombasa, Machakos na Kisumu. Tofauti ni kwamba Jamaika ilikuwa na daftari la serikali la vizazi tangu miaka ya 1870, na huku kwetu mtoto wa Mwafrika hakuwa na daftari. Kenya usajili wa vizazi ulipoanza ulikuwa wa lazima kwa Wazungu kwanza; Mwafrika aliwekwa mkiani mwa foleni, na wengi hawakufikiwa hadi baada ya uhuru.

Wala tusidanganyane kwamba serikali ya kikoloni haikuweza kuandika. Iliandika sana ilipotaka kitu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba zilihesabiwa. Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma kama ng'ombe mwenye kengele. Mwajiri aliandikwa humo, mshahara uliandikwa, siku ya kuacha kazi iliandikwa. Mtu huyo alikuwa na karatasi ya kumkamata akitoroka kazini, lakini hakuwa na karatasi ya kusema alizaliwa lini.

Hata kufa kulikuwa na daraja lake. Vijana waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, karibu wote walizaliwa katika karne ya 19. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliokufa katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ukisikia kwamba karne ya 19 iliishia Ulaya na Japani, kumbuka ni nani aliyeshika kalamu.

Nafahamu hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Umri hudanganywa. Mwaka 2010, jijini Tokyo, mzee aliyedhaniwa kuwa na miaka 111 alikutwa kitandani akiwa maiti iliyokauka, amekufa takriban miaka 30, huku familia ikipokea pensheni. Serikali ya Japani ilipopekua madaftari yake, ikakuta zaidi ya watu 230,000 wa miaka 100 na kuendelea ambao hawajulikani walipo. Kama daftari la Japani linaweza kubeba wafu wengi kiasi hicho, kwa nini tuamini neno la mdomo la mtu wa Singida?

Nakubali, tusiliamini bila kuliuliza maswali. Sisemi kwamba kila mzee anayeitwa wa miaka 130 anayo miaka hiyo. Pengine ana 95. Ninachosema ni kwamba kukosa cheti si kukosa ushahidi. Wazee wetu walikuwa na kalenda, ila haikuwa ya kubandika ukutani. Wakamba wanaijua njaa ya Ngomanisye, ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Wagogo wanaijua njaa ya Mtunya, iliyoanza kabla Vita ya Kwanza haijaisha. Wafugaji wanaujua mwaka wa sotoka iliyofagia ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wakikuyu waliyapa majina marika yao ya tohara, na rika moja likaitwa Mutung'u kwa sababu ya ndui. Mwanamke wa Iringa akisema mama yake alikuwa akimnyonyesha Mkwawa alipokufa, ametaja tarehe: Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898. Bi Kidude wa Zanzibar alisema alizaliwa wakati wa rupia. Alipofariki mwaka 2013 waandishi wakagombania tarakimu, mara 102, mara 113, kana kwamba rupia haikuwa jibu. Rupia iliondolewa Zanzibar mwaka 1936, na kabla ya hapo ilikuwa na historia yake, bei zake, na watu walioishika mkononi. Angeweza kuulizwa ilinunua nini.

Kuna kisa kinachosimuliwa na waandishi wa historia ya vita ile. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha malipo kwa askari Waafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck. Mwenye benki aliyetumwa na fedha alifungua ofisi Mwanza, na wazee mamia wakajitokeza. Wachache walikuwa na hati. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa. Yule mtu akapata wazo: kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Hao walikuwa watu wa karne ya 19, na ushahidi wao ulikuwa kwenye mabega na viganja. Ilitosha mtu mmoja mwenye akili kujua namna ya kuuliza.

Na kuna walioujua mtindo huo bila ya ufagio. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam iliendesha utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi, vijana wa umri wako, walikwenda kusini na kuwahoji wazee walioikumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Aliyekuwa na miaka 10 vita ilipoanza alikuwa na 73 siku ile kijana alipoketi mbele yake. Bila wanafunzi wale tungebaki na Maji Maji ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Mombasa nako, katika miaka ya 1970, Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyezaliwa yapata 1890, alisimulia maisha yake kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel. Masimulizi yake yakachapwa kwa Kiingereza na baadaye kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hakuna aliyemtaka kwanza alete cheti.

Sasa linganisha na tunachofanya leo. Kila baada ya muda gazeti hutoa picha ya mzee "mwenye miaka 120". Ataulizwa siri ya maisha marefu. Atajibu ulezi, asali, kutokunywa pombe, kumcha Mungu. Chini ya habari hiyo watu watacheka na kuandika kwamba babu anajiongezea. Habari imekwisha. Miaka miwili baadaye mzee amekufa, na tunachojua ni kwamba alipenda ulezi.

Ajabu ni kwamba hata wenye karatasi hutendewa hivyo. Dunia inamkumbuka Emma Morano kwa mayai mabichi aliyokula kila siku. Lakini mwanamke huyu aliachana na mume aliyekuwa akimpiga mwaka 1938, katika Italia ambayo haikuruhusu talaka hadi mwaka 1970. Mtoto wake wa pekee alikufa mchanga. Alifanya kazi hadi umri wa kustaafu na hakurudi kwa mwanamume. Ukiijua habari hiyo, umejifunza kitu kuhusu karne nzima ya wanawake wa Ulaya. Ukijua mayai, umejifunza kifungua kinywa.

Kwa hiyo sitaki tushindanie rekodi. Sitaki tutafute Mtanzania au Mkenya wa kumpokonya Bi Tajima nafasi yake. Karne ya 19 imetupita, na tulichokipoteza humo hakirudi. Ninachodai ni kuhusu walio hai. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945 alifikisha miaka 100 mwaka 2025. Wale waliokwenda Burma na KAR wanahesabika sasa. Wale waliokuwa manamba katika mashamba ya mkonge, walioitwa kwa namba hadi namba ikawa jina lao, wanakwisha. Aliyekuwa kijana wa kung'oa visiki Kongwa katika mradi wa karanga wa 1947 anakaribia karne. Wengi wao vitambulisho vyao vinasema walizaliwa Januari 1, kwa sababu karani alitaka tarehe naye hakuwa na muda wa kuuliza kuhusu njaa wala nzige.

Usiseme huna utaalamu. Wanafunzi wa 1968 walibeba madaftari. Wewe una simu inayorekodi saa tano mfululizo na unaitumia kurekodi mapambe ya harusi. Usiseme mzee amesahau. Amesahau mwaka, hajasahau ladha ya unga wa msaada, wala jina la nyapara, wala wimbo waliofyekea mkonge. Nenda na mtu anayejua lugha yake ya nyumbani. Mwamkie kama inavyopasa, kaa chini, na usianze na umri. Uliza ilikuwa njaa gani alipoachishwa ziwa. Uliza kodi ililipwa kwa nini, nani alitoroka, nani hakurudi. Kisha andika jina lake kamili, na la mama yake, na la kijiji, ili mtoto wa mtu mwingine akitafuta akute.

Usipofanya hivyo, mwaka 2060 hivi gazeti fulani litatangaza kifo cha mtu wa mwisho aliyekuwa mtu mzima chini ya ukoloni. Atakuwa na cheti safi. Huenda akawa mtoto wa gavana.