Nani Ameshika Ufunguo wa Meza ya Taa?

Katika ukumbi wa maonyesho wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa hakiko peke yake, kuna chumba kidogo nyuma ya safu ya mwisho ya viti. Ndani yake kuna meza ya kuongozea taa za jukwaa. Imefunikwa kwa kitambaa cha kijani, mlango umetiwa kufuli, na mlangoni pamebandikwa karatasi yenye neno moja: USIGUSE. Meza hiyo ililetwa kama msaada. Siku ya makabidhiano palikuwa na hotuba, picha za pamoja na soda. Tangu siku hiyo wanafunzi wa sanaa za maonyesho wameingia chuoni, wamesoma na wamehitimu, wala hakuna hata mmoja wao aliyeweka kidole juu yake.

Muhula uliopita wanafunzi wangu waliigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Walioisoma wanapakumbuka pale ambapo Kinjeketile, baada ya watu kumdhania amefia mtoni, anarejea akiwa mtu mwingine. Ni tukio linalodai mwanga nao ubadilike. Siku hiyo mwenye ufunguo alikuwa safarini. Basi Kinjeketile alirejea kutoka majini chini ya taa mbili za tyubu, zile zile zinazotumulikia tunaposahihisha mitihani, na moja ilikuwa ikipepesa. Hadhira ikacheka. Wanafunzi hawakucheka.

Makala haya yametokana na kicheko kile. Hoja yangu ni moja tu: tatizo letu kubwa si uhaba wa vifaa, bali ni mazoea ya kukitenga chombo na mikono ya wale wanaopaswa kukijua, kisha kuyaita mazoea hayo utunzaji.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nimefundisha nadharia ya tamthilia kwa miaka mingi, na ninaweza kuzungumza kwa saa mbili juu ya mwanga kama ishara. Hata hivyo, sikujua meza ya taa huwashwa wapi. Baada ya onyesho lile nilikwenda kwenye ukumbi wa harusi ulio jirani na ninapoishi, nikamwomba kijana anayeendesha taa pale anifundishe. Alinitazama kama mtu anayetaniwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikufundishe wewe?"

Nikamwitikia marahaba, nikamthibitishia kwamba ndivyo. Akanivutia kiti. "Basi kaa hapa, Mwalimu. Iguse kwanza. Haiumi."

Ilituchukua jioni tatu. Jioni ya kwanza nilijifunza kwamba kila taa ina anwani yake. Kebo moja ya mawasiliano hubeba chaneli 512, na kila chaneli hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa taa inahitaji chaneli sita, moja ya ukali wa mwanga na nyingine za rangi zake na mengineyo, na ikapewa anwani ya 1, basi taa inayofuata itaanzia 7, na ya tatu 13. Ukiikosea hesabu hiyo, utataka kummulika bibi harusi na mwanga utawaangukia wapishi. Jioni ya pili nilijifunza kuunda picha. Unasukuma vitelezi, vile vibonye vya kupandisha na kushusha, hadi jukwaa lionekane kama unavyotaka, kisha unaihifadhi picha hiyo katika kumbukumbu ya meza pamoja na muda wake: sekunde tatu za kuingia, sekunde tano za kutoka. Picha hupangwa kwa namba, na usiku wa onyesho kazi ya mkono ni kubonyeza kitufe kwa wakati wake.

Jioni ya tatu ilikuwa ya hilo neno la mwisho, "wakati wake", na hapo ndipo palipo pagumu. Wakati haumo ndani ya meza. Umo katika kuusoma mchezo mpaka uwe wako, na katika kumsikiliza mwigizaji anavyovuta pumzi kabla ya kutamka. Hapo nilitambua kwamba wanafunzi wetu wanayo tayari nusu iliyo ngumu, yaani kusoma na kusikiliza. Tuliyowanyima ni ile nusu iliyo rahisi, ambayo haihitaji zaidi ya kujumlisha na kutoa.

Nilitoka pale nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yetu sisi wenye vyeo vya ualimu. Kijana yule hana shahada. Alijifunza kwa kubeba nyaya za mwenye muziki wa kukodi, kwa kutazama, kwa kukosea mbele za watu na kufokewa. Tajiri wake hakuwa na anasa ya kukifungia chombo, kwa maana chombo kisipofanya kazi Jumamosi hapana malipo. Katika kumbi za harusi, makanisani na kwenye matamasha ya muziki wa kizazi kipya, nchi hii inafundisha waendesha taa kila wiki. Mahali pasipofundisha ni pale palipoandikwa langoni kwamba panafundisha. Wahenga walikwishasema kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Sisi tumewapa vijana wetu vitabu vinavyosifu mpini, na jembe tumelifungia stoo.

Kinachoongeza uchungu ni kwamba historia ya chombo hiki ni historia ya kufunguliana. Mwaka 1975, katika mchezo wa A Chorus Line huko Broadway, msanifu wa mwanga Tharon Musser alitumia meza ya kompyuta yenye kumbukumbu, wakati ambapo kumbi za huko zilikuwa bado zinategemea mafundi wa kusukuma nyenzo kwa mikono. Kwa hiyo tunachokitia kufuli ni maarifa ya nusu karne. Katika miaka hiyo viwanda vilikuwa na lugha zao mbalimbali za kuamuru taa, na aliyenunua meza kwa mmoja alijikuta amefungwa kununua na mengine kwa huyo huyo. Mwaka 1986 chama cha Marekani cha teknolojia ya majukwaa, USITT, kilitoa kanuni ya pamoja iitwayo DMX512, na hadi leo meza ya kiwanda kimoja huweza kuamuru taa ya kiwanda kingine kwa kanuni hiyo. Wenye biashara, ambao walikuwa na kila sababu ya kufunga, walikubali kufungua. Sisi tusiouza chochote ndio tuliokwenda dukani kununua kufuli.

Nayajua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimekwisha kuyapewa.

La kwanza ni kwamba chombo ni ghali na wanafunzi watakiharibu. Katika pwani yetu hii, vumbi, unyevu na chumvi ya hewani havihitaji ruhusa ya mtu kuingia katika chumba kilichofungwa. Kitelezi kisichosukumwa hukwama. Tunaambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli. Lakini mali yenye daftari na isiyo na mtumiaji hupotea vilevile, tofauti yake ni kwamba hupotea ikiwa na namba ya usajili. Simlaumu mtunza stoo. Meza ikivunjika, yeye ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Kizazi kizima kikihitimu mikono mitupu, hakuna atakayeandikiwa barua. Tumejenga utaratibu unaoadhibu matumizi na kusamehe ujinga, kisha tunashangaa kwamba ujinga unaongezeka.

La pili ni kwamba hatuna fedha za kununua meza nyingine za mazoezi. Hazihitajiki. Ipo programu iitwayo QLC+ inayotolewa bure, na wapo watengenezaji wakubwa wa meza hizi wanaotoa bure programu za kufanyia mazoezi kwenye kompyuta, taa zikaonekana kwenye skrini kana kwamba zimening'inia juu ya jukwaa. Chuo chenye kompyuta kumi kina meza kumi za kujifunzia kuanzia leo alasiri.

La tatu lina ukweli ndani yake: umeme unaua. Mwaka 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, moto ulioanzia kwenye taa ya arki ulishika pazia, na zaidi ya watu 600 wakapoteza maisha. Sitaki mtu alichukulie jambo hili kwa wepesi. Lakini tutenganishe mambo. Meza ya taa hutuma ishara tu. Umeme mkubwa wa taa za jukwaani haupiti chini ya vidole vya anayebonyeza. Hatari iko kwenye masanduku ya umeme, kwenye nyaya zilizochubuka, kwenye ngazi, na kwenye taa iliyotundikwa bila mnyororo wa usalama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae mezani. Kupanda juu na kufungua masanduku kusubiri awe chini ya fundi mwenye sifa. Tena tukumbuke kwamba kule Chicago watu wengi walifia kwenye milango ambayo ama ilikuwa imefungwa ama haikufunguka kwa urahisi. Hofu ya hatari isitufundishe kupenda makufuli.

La nne hutoka kwa wenzangu wasomi, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba sanaa yetu ya asili haikuhitaji taa hizi, na kwamba Kamiriithu ilitosheka na jua. Naam, mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu nchini Kenya walionyesha Ngaahika Ndeenda katika uwanja wa wazi. Lakini uwanja ule waliujenga kwa mikono yao wenyewe. Wakulima na vibarua walikuwa waigizaji, waimbaji na mafundi, na serikali ilipoubomoa mwaka 1982 ilijua vyema inabomoa nini. Mwenye kuitumia Kamiriithu kutetea chumba kilichofungwa amesoma jina la kijiji akaacha habari yake. Fundisho lake ni kwamba vyombo vya sanaa vikae mikononi mwa wanaoitenda.

Kuna sababu nyingine ya sisi wenyewe kukijua chombo hiki, nayo si ya kiufundi tu. Kumulika ni kuamua nani aonekane na aonekaneje. Mbinu inayofundishwa sana ni ya Stanley McCandless wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932: jukwaa hugawanywa katika maeneo, na kila eneo humulikwa kwa taa mbili kutoka mbele, kila moja kwa pembe ya digrii 45 upande wake, moja ya rangi ya joto na nyingine ya baridi. Ni msingi mzuri. Lakini ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi hudai zaidi ya hapo. Hudai taa za ubavuni na za nyuma ziuchonge mwili utoke gizani, na hudai uangalifu wa rangi ili mtu asionekane kama amepakwa majivu. Kijana wa ukumbi wa harusi hajapata kulisikia jina la McCandless, lakini aliniambia: "Buluu ikizidi, Mwalimu, bibi harusi anaonekana mgonjwa." Hayo ni maarifa yaliyopatikana kwa kutazama nyuso zetu usiku baada ya usiku. Mtaalamu mgeni wa warsha ya siku tatu, anayetuachia vyeti na kupanda ndege, hawezi kutuachia hayo.

Kwa hiyo ninadai mambo yafuatayo, nami nayadai hadharani. Ufunguo uwe na zamu na daftari la kutia saini, usiwe mali ya mtu mmoja ambaye safari yake ni msiba wa idara nzima. Pasiwe na mhitimu wa sanaa za maonyesho ambaye hajaandaa mwanga wa onyesho fupi na kuuendesha kwa mkono wake mbele ya watahini. Fundi wa ukumbi ahesabiwe na kulipwa kama mwalimu, asije akastaafu na maarifa yake yote mfukoni. Vijana wa kumbi za harusi waalikwe kufundisha, na walipwe. Na orodha ya picha za mwanga za kila onyesho itunzwe maktabani pamoja na tamthilia yenyewe, maana hiyo nayo ni maandishi.

Msomaji asiyejali tamthilia huenda anajiuliza hili linamhusu nini. Na aende akaulize hadubini za shule ya kata yake ziko ndani ya boksi au juu ya meza. Aulize kompyuta za msaada zimefunikwa kwa kitambaa cha rangi gani. Elimu ni mwanga: tumeyaandika maneno hayo kwenye kuta za shule na kwenye mabango ya mahafali. Yanapendeza. Swali la siasa halikomi hapo, kwa maana mwanga wowote una swichi, na swichi iko mahali fulani, nyuma ya mlango fulani, chini ya mamlaka ya mtu fulani.

Barua yangu ya kuuomba ufunguo ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Wakati linashughulikiwa, kila Alhamisi jioni kijana yule huja darasani na kompyuta yake mpakato, wanafunzi wanane humzunguka, na mimi huketi nyuma yao nikiandika. Muhula huu tunairudia Kinjeketile. Mlango ukiwa bado umefungwa, tumekwisha kuzungumza na mwenye ukumbi wa harusi: atatuazima meza yake, mradi isiwe Jumamosi.