AJALI AU MAUAJI? UZEMBE UNA MWENYEWE!

Kuna msemo umewalea wazembe wa nchi hii mpaka wakanenepa: "Ajali haina kinga." Meli ikizama, msemo ni huo. Treni ikirudi kinyumenyume bila breki kama ile ya Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002, msemo ni huo huo. Mkubwa anafika msibani na suti nyeusi, anasema Mungu kapenda, anapanda gari lenye kiyoyozi, huyoo. Walalahoi mnabaki kuchimba makaburi.

Hapana! Mungu asisingiziwe.

Ikumbukeni MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli iliyotakiwa kubeba abiria wapatao 430 ilizama ikielekea Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Mbona mpaka leo kila mtu ana hesabu yake ya waliokufa? Kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kina yakhe hao walipakiwa kama mizigo. Tena afadhali mzigo, maana mkungu wa ndizi una mwenyewe anayeuhesabu!

Na si hilo tu. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, ndani mna hewa na watu. Waokoaji wakaitoboa, hewa ikatoka, ikazama. Nia yao ilikuwa njema, sibishi. Swali ni kwa wale waliokaa ofisini miaka nenda rudi bila kuweka vifaa wala wazamiaji katika ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Wazamiaji wakaja kuletwa kutoka Afrika Kusini, kuopoa maiti.

Mngedhani tulijifunza. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ikazama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu wasiofika 700. Tume ikaja kusema walikuwamo zaidi ya 2,400! Jamani, watu 1,700 wa ziada si sindano iliyoanguka mchangani. Walipita getini mmoja mmoja, mchana kweupe na usiku, mbele ya watu wenye sare na mishahara. Kila mmoja aliangalia pembeni.

Julai 2012 ikafuata MV Skagit, na safari hiyo waziri wa miundombinu na mawasiliano wa Zanzibar alijiuzulu. Mtaje mwingine! Wenzake wengi wanajua kuunda tume tu.

Halafu MV Nyerere, Alhamisi ya Septemba 20, 2018, watu wakitoka gulioni kurudi Ukara. Kivuko cha watu 101. Maiti zaidi ya 220, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Kilipinduka mita chache kutoka gatini, umbali ambao mtu anakuita kwa jina ukasikia. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi. Jumamosi wazamiaji wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko. Hai, baada ya siku mbili! Sasa nani atatuambia usiku ule wa Alhamisi walikuwa hai wangapi?

Bodi ikavunjwa, sawa. Lakini bodi kuvunjwa si hukumu, ni likizo.

Nawe kijana usijifiche nyuma ya vigogo. Wewe ndiye unayempenyezea karani noti ili uingie wakati geti limefungwa, kisha unawacheka waliobaki nchi kavu kwamba washamba. Noti yako ndiyo inayonunua macho ya mkaguzi. Kesho ukisimama pale gatini, hesabu vichwa, hesabu na maboya. Vikipishana, piga kelele hadi nahodha ashuke asome kile kibao cha idadi ya abiria mbele ya watu wote. Akikasirika, mwache akasirike. Chombo kisiondoke.